Akimu Alifanya Nini?

Kila Krismasi mchungaji wetu wa hapa Kizota hufungua Mathayo sura ya kwanza, huyatazama yale majina, humeza mate, halafu huanzia mstari wa kumi na nane. Majina yote ya juu huyaruka kama mtu mwenye viatu vipya anavyoruka dimbwi. Nikimuuliza baada ya ibada, hunijibu kwamba waumini huchoka na wali uko jikoni. Mimi hurudi nyumbani nimenuna, na wanangu wameshazoea kwamba kwetu Krismasi haianzi mpaka mama anune kwanza.

Sinuni bure. Katika majina hayo yumo mtu anaitwa Akimu. Sadoki akamzaa Akimu, Akimu akamzaa Eliudi, basi, habari zake zimekwisha. Hakupigana vita, hakuota ndoto, hakumezwa na samaki. Lakini kwa ajili ya huyo Akimu, baba wa bibi yangu alikaribia kunyimwa ubatizo, na kwa ajili ya huyo huyo mimi leo nina ukoo wa kutaja mbele za watu. Nitaeleza yote, na sitaruka mstari.

Baba wa bibi yangu aliitwa Matonya. Kijiji chake kilikuwa mlimani, juu ya Gulwe, enzi za utawala wa Wadachi, yaani Wajerumani. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye ng'ombe wachache na shamba la uwele, na masikio yaliyotobolewa ya Kigogo ambayo ungeweza kuning'inizia ufunguo wa stoo. Lakini kilichomtambulisha kote ni maswali. Alizaliwa anauliza. Wadachi walipokuwa wanatandaza reli kuja Gulwe, naye alichukuliwa kwenda kubeba udongo. Msimamizi akamwonyesha kikapu. Matonya akauliza, hilo gari la moshi likikosea njia litageukia wapi? Akajibiwa kwa kiboko. Akauliza tena, kwa sababu kiboko hakikuwa jibu. Haukupita muda mrefu, msimamizi mwenyewe akamrudisha kwao na kumwomba asionekane tena. Wenzake walitoroka kazi ya reli wakakamatwa. Yeye, reli ndiyo iliyomtoroka.

Mkewe aliitwa Anyesi, mwanamke wa maneno machache, na nadhani ndiyo sababu waliweza kuishi pamoja. Hawakujaliwa mtoto. Jambo hilo lilimuuma Matonya kupita kiasi, na nalisema mimi wazi kwa sababu yeye aliyeuliza kila kitu, hilo hakuliuliza hata mara moja.

Ili uelewe lilivyomuuma, jua kwanza desturi yao. Mvua ikichelewa, wazee walikwenda makaburini na kibuyu cha pombe, wakawaita baba zao mmoja baada ya mwingine. Kila jina lilimwagiwa pombe kidogo, na ilikuwa lazima useme angalau jambo moja alilolifanya: huyu alichimba kisima, huyu alimuua chui, huyu alikuwa mvivu lakini aliimba vizuri. Kumtaja mtu jina tupu bila neno lolote ilikuwa kumtukana. Na mtu asiye na mtoto hakuwa na wa kumtaja kabisa. Matonya aliwataja baba za watu wote kwa sauti ya kupendeza, huku akijua kwamba yeye atakapolala pale, kibuyu kitampita.

Halafu ukaja mwaka wa nzige. Mwanamke mmoja, mgeni kutoka ng'ambo ya mbuga ya Bahi, alianguka mlangoni pa tembe yao, nyumba ya udongo, akiwa na kitoto cha kike mgongoni. Akataja jina la marehemu mumewe, Masima, na ukoo wake, na kesho yake asubuhi akafa. Matonya alimtumia habari ndugu wa Masima, mtu aliyeitwa Chidumizi, kwamba mtoto wa kaka yako yuko hapa. Jibu likarudi kwamba salamu zimefika na njaa ni kali. Basi. Anyesi akamkamulia mtoto maziwa ya mbuzi, na Matonya akambeba mgongoni mwezi mzima mbele ya wanaume wenzake, na waliomcheka waliulizwa maswali mpaka wakaacha kucheka.

Mtoto yule ndiye bibi yangu. Misheni ilipofika pale mlimani, yeye na Anyesi walibatizwa, na mtoto akapewa jina la Ruthu. Jina lake la kwanza naliacha lilale. Tangu hapo kijiji kizima kilimwita mzee Baba Ruthu, naye ukimwita hivyo alikuletea maziwa, na kama kibuyu kilikuwa kitupu, alikwenda kukamua.

Ruthu akakua, akachumbiwa na Marko, kijana aliyejaza maji gari la moshi pale stesheni ya Gulwe. Harusi ikapangwa iwe kanisani, baada ya mavuno. Padre wa misheni alikuwa mzungu mrefu mwenye miwani, na watu walimpa jina la Bwana Baadaye, maana ukimletea jambo gumu alikunja uso na kusema, "Baadaye, ndugu yangu, baadaye." Yeye ndiye aliyemweleza Matonya utaratibu wa ndoa.

"Nitauliza mbele ya watu, nani anamtoa mwanamke huyu aolewe na mwanamume huyu. Baba yake atasimama na kusema, mimi."

"Aseme mimi tu?" Matonya akauliza.

"Mimi tu."

"Hilo nitaliweza, Padre."

"Lakini anayesimama pale ni lazima awe amebatizwa."

Kwa hiyo Matonya, ambaye alikuwa amekataa ubatizo miaka yote kwa kisingizio cha ng'ombe, akajiandikisha darasani siku hiyo hiyo. Hakutaka kingine duniani. Alitaka kusimama mbele ya watu, aulizwe ni nani anamtoa Ruthu, aseme neno lile moja.

Darasa la wanaoanza lilifundishwa na Mwalimu Bartolomayo kwenye kibaraza cha misheni. Mwalimu huyu alikuwa mtu mpole aliyelelewa pwani, na kosa lake pekee ni kuanzia Mathayo mstari wa kwanza. Matonya alifurahi mno. Kitabu kinachoanza kwa kuwaita baba zao, akasema, ni kitabu cha watu wenye adabu. Na alipoambiwa kwamba humo ndani Ruthu naye yumo, alisogea mbele mpaka magoti yake yakagusa ya mwalimu.

Kila jina liliposomwa, yeye aliitika "Ehee!" na kuuliza alifanya nini. Mwanzoni kazi ilikuwa rahisi. Ibrahimu alihama kwao. Yakobo alimlaghai kaka yake, na wazee wakamsifu. Boazi alimwoa Ruthu. "Huyo mkwe wangu!" Matonya akapiga makofi. Daudi, Sulemani, wote walikuwa na habari. Lakini walipovuka uhamisho wa Babeli, habari zilianza kukauka. Abiudi? Mwalimu akasema alikuwa mtu mwema. Eliakimu? Mtu mwema sana. Azori alikuwa mwema kuliko Eliakimu, na Sadoki akawazidi wote. Walipofika kwa Akimu, wema ulikuwa umemwishia mwalimu.

"Akimu alifanya nini?" Matonya akauliza.

"Hakuna kilichoandikwa, mzee."

"Alikuwa na ng'ombe?"

"Haikuandikwa."

"Mkewe alitoka ukoo gani?"

"Haikuandikwa. Tuendelee, mzee wangu. Akimu akamzaa—"

"Tunaendeleaje na mtu tumemwacha njiani?"

Hawakuendelea. Somo lililofuata walianza upya kwa Ibrahimu, wakashuka vizuri hadi kwa Akimu, wakakwama pale pale. Na somo lililofuata hilo, vivyo hivyo. Mvua za kwanza zilinyesha, watu wakapanda, wakapalilia, na darasa likawa bado halijampita Akimu. Wenzake Matonya, badala ya kumkemea, wakaanza kumsaidia. Mmoja alisema bila shaka Akimu alikuwa na mguu mbovu, ndiyo maana hakuonekana vitani. Mwingine aliapa kwamba mtu asiyesemwa na majirani ni lazima alikuwa mpenda ugoro, hukaa zake kimya. Habari zikavuka misheni zikafika vilabu vya pombe, na huko Akimu akapewa mama mkwe mkorofi na ng'ombe dume mweusi. Watu ambao hawakuwahi kusikia habari za Musa walimjua Akimu kama jirani.

Anyesi alichoka. "Baba Ruthu, mtu alizaa, akalea, akafa. Unamtakia nini zaidi?"

"Hata mbwa wangu ana habari," Matonya akajibu. "Huyu ni babu yake Bwana, na hana hata neno moja."

Akaenda kwa padre. Padre akakunja uso, akasema, "Baadaye, Matonya. Baadaye."

Sasa mvua ikakatika katikati ya msimu, uwele ukaanza kujikunja. Watu wakatazama juu, wakatazamana. Matonya peke yake ndiye aliyejua sababu. Ni nani aliyekuwa anatajwa jina tupu kila wiki, pale kibarazani, bila hata tone la pombe? Nani angevumilia? Anyesi alikataa kupika pombe ya namna hiyo, kwa hiyo mzee akaomba kibuyu kwa jirani, na alfajiri akapanda nacho misheni. Kaburi la Akimu halikujulikana lilipo, lakini kanisa ni nyumba ya mjukuu wake, na mlango wa mjukuu unafaa. Akamwaga pombe yote kwenye kizingiti, taratibu, kwa heshima.

"Akimu wa Sadoki," akasema, "hatukujui, lakini hatukudharau. Kunywa."

Akaenda zake nyumbani moyo mweupe. Padre akatoka kwenda kufungua kanisa kwa sala ya asubuhi, akakanyaga kizingiti, miguu ikaenda Mpwapwa na kichwa kikabaki Gulwe. Walimkuta ameketi ndani ya tope la pombe, miwani imening'inia sikio moja, kitabu cha sala mapajani. Hilo angelisamehe, maana alikuwa mtu wa huruma. Asilolisamehe ni kwamba jioni ile ile mvua ilinyesha, tena kubwa, na darasa zima likaja kumshukuru Akimu.

Matonya akaitwa. Padre hakusema baadaye safari hii. Alimwambia kwamba wafu hawanyweshwi pombe kwenye mlango wa kanisa wala pengine popote, na kwamba ubatizo wake umesimamishwa. Baada ya mavuno, kabla ya harusi, padre mwenyewe atamjaribu. Majina yatasomwa kutoka la kwanza mpaka la mwisho, na Matonya atayasikiliza yote bila kufungua mdomo. Akiweza, atabatizwa. Asipoweza, atafute mwingine wa kusimama na Ruthu.

Anyesi alipoambiwa sharti hilo, alikaa chini. "Basi mwanangu ataolewa uzeeni," akasema.

Kana kwamba hilo halikutosha, ng'ombe wa mahari wakaletwa. Sijui ni upepo gani uliovusha harufu yao ng'ambo ya mbuga ya Bahi, lakini muda si muda mtu mnene mwenye usinga mkononi alisimama uani. "Mbukwenyi!" akasalimu, salamu ya Kigogo kwa sauti ya mtu mwenye mji. Alikuwa Chidumizi, yule wa salamu zimefika na njaa ni kali. Hakuwa amekuja mtoto alipougua surua, wala alipobatizwa. Sasa amekuja kumwoza binti wa kaka yake.

"Nakushukuru, bwana mlezi," akamwambia Matonya. Hakumwita Baba Ruthu, si siku ile wala baadaye.

Wazee wakaketi kusikiliza. Chidumizi alisema jambo moja tu, na kila mtu alijua ni kweli: mtoto ni wa ukoo uliotoa ng'ombe kwa mama yake. Masima alitoa. Matonya, kwa mama wa mtoto huyu, alitoa hata kwato? Wazee waliinamisha vichwa. Walimpenda Matonya, lakini desturi ilikuwa wazi. Wakapelekana kwa padre, na padre akakuna ndevu, akasema kwamba kwake pia baba ni aliyezaa, na akiwa amekufa, basi ni ndugu yake. Hata hivyo ni lazima awe amebatizwa.

"Nibatize," Chidumizi akasema.

"Ni lazima usome kwanza."

"Nisomeshe."

Hivyo ndivyo wazee wawili walivyokaa kwenye kibaraza kimoja, kila mmoja anataka kusema "mimi" mahali pale pale. Na lazima niseme ukweli ingawa unanichoma: Chidumizi alikuwa mwanafunzi wa ajabu. Hakuuliza kitu. Alichosomewa jioni alikitapika asubuhi kizima. Matonya hakuruhusiwa kukaa darasani majina yakisomwa, alitumwa kuchota maji, na huko kisimani alimsikia kwa mbali mwenzake anayaporomosha kama mtu anayefukuza mbuzi shambani. Akimu alipitwa mbio bila hata salamu. Jina la ubatizo Chidumizi alikuwa ameshalichagua, nalo ni Sulemani, kwa sababu aliambiwa huyo ndiye aliyekuwa na mali nyingi kuliko wote.

Ruthu alilia siku hizo. Alimwambia baba yake, "Baba, nyamaza siku moja tu. Kwa ajili yangu."

"Nitanyamaza, mwanangu," mzee akasema, na akaanza mazoezi ya kunyamaza. Jirani zake walidhani anaumwa.

Siku ya majaribio kanisa lilijaa, na waliokosa nafasi walichungulia madirishani. Anyesi alikuwa na maarifa yake. Alimpa mumewe funda la maji mdomoni mlangoni pa kanisa, akamwambia asilimeze mpaka orodha iishe. Matonya akaketi, mashavu yamevimba, mikono magotini. Padre akamwita Chidumizi ayaseme majina kwa kichwa, maana alijua anayaweza, na hivyo wote wawili wangejaribiwa kwa mara moja.

Chidumizi akasimama, akaanza. Ibrahimu akamzaa Isaka. Boazi akapita, na Ruthu wake. Daudi akapita. Wakavuka Babeli. Abiudi, Eliakimu, Azori, Sadoki. Kanisa zima likageuka kumtazama Matonya.

"Sadoki akamzaa Akimu," Chidumizi akasema, na nina hakika alilivuta jina lile makusudi.

Macho ya Matonya yalimtoka. Shingo ilisimama mishipa. Uzi mwembamba wa maji ukashuka kwenye kidevu, kisha wa pili, na Mwalimu Bartolomayo alifumba macho akaanza kumwombea waziwazi. Lakini mzee hakufungua mdomo. "Akimu akamzaa Eliudi," na hapo watu wakashusha pumzi, kwa sababu kule mbele Matonya hakuwahi kufika darasani. Eliudi akamzaa Eleazari. Matonya akainua uso kama mtu aliyepanda kilima cha kwao maisha yote na leo ndio anauona upande wa pili. Eleazari akamzaa Matani. Matani akamzaa Yakobo.

"Yakobo akamzaa Yusufu mumewe Mariamu, aliyemzaa Yesu aitwaye Kristo," Chidumizi akamaliza, akajipangusa midomo.

Matonya akameza maji, gubu! likasikika mpaka nyuma. Akasimama. "Padre, orodha imekwisha?"

"Imekwisha. Umeshinda, Matonya."

"Basi huyu bwana ameshindwa. Ameruka!"

Kanisa likavuma. "Sikuruka neno!" Chidumizi akafoka.

"Umeruka! Wote humu wamezaa. Ibrahimu akamzaa, nani akamzaa, hata Akimu wa watu akamzaa. Tukafika kwa Yusufu, ukakata kona ukapita kwa mkewe. Yusufu je? Yusufu akamzaa nani?"

"Hakuruka," padre akasema. "Ndivyo ilivyoandikwa. Mtoto hakuwa wa damu ya Yusufu."

Matonya alimgeukia padre. "Tumetoka kwa Ibrahimu," akasema polepole, "tumembeba Akimu mgongoni msimu mzima, kumbe tunakwenda kwa mtu ambaye hakuzaa?"

Padre alifungua kinywa. Waliokuwapo waliapa kwamba alitaka kusema baadaye. Lakini Chidumizi, ambaye alikuwa ameitwa mrukaji mbele ya watu na jasho linamtoka, hakungoja.

"Wewe mzee una kichwa kigumu namna gani! Hakumzaa, alimlea! Alimpokea mtoto na mama yake, wakati angeweza kuwafukuza. Akampa jina. Alipotafutwa auawe, alimbeba akakimbia naye ugenini, akamlisha. Ndiyo sababu anahesabiwa baba! Ukoo wote wa Daudi unapita kwake. Bila yeye kumsimamia mtoto yule, hao wote, na huyo Akimu wako, wangeishia hewani!"

Usinga wake ulikuwa bado uko juu. Chidumizi akamtazama padre, akamtazama Ruthu aliyekuwa ameketi upande wa wanawake, kisha taratibu akaushusha ule usinga.

"Lakini hayo," akasema kwa sauti ndogo, "ni ya kule kwao."

Padre alivua miwani, akaifuta kwa joho. "Chidumizi," akasema, "umejibu vizuri kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwuliza. Nitakubatiza. Na mimi hapa nilisema baba ni aliyezaa, nikiwa nimekisoma kitabu hiki maisha yangu yote. Matonya, utakayesimama na Ruthu ni wewe."

Matonya hakushangilia. Aliketi sakafuni pale pale, akalia bila kujificha, machozi yakaungana na maji ya kwenye kidevu. Halafu akamwambia Chidumizi, "Ndugu yangu, hebu sema tena. Toka kwa Akimu, lakini polepole." Na Chidumizi, sijui kwa sababu gani, akasema tena, polepole.

Wazee wakaamua mambo ya ng'ombe kwa desturi. Chidumizi akachukua sehemu kubwa, ng'ombe mmoja wa maziwa akabaki kwa Anyesi, na Matonya hata hakugeuka kuwatazama wakiondoka. Jumapili ya ubatizo, Chidumizi akawa Sulemani. Kwa Matonya padre alikuwa ameshaandaa jina la Yusufu, akamwuliza kwa kutimiza taratibu tu.

"Akimu," mzee akasema.

"Akimu? Kwa nini si Yusufu?"

"Yusufu mnamwita kila mwaka, ana watu. Akimu alimpokea mtoto kwa mkono huu, akampeleka mbele kwa mkono huu, na mwenzake naye akampeleka. Hakujua nani yuko mwisho. Mtu wa hivyo asikose wa kumwita."

"Lakini hata sasa hatujui alifanya nini."

"Mimi najua, Padre," mzee akasema. "Alifikisha."

Mimi nimesikia mahubiri mengi juu ya majina yale, kutoka kwa wale wachache wasioyaruka, na sijasikia lililolizidi neno hilo. Mungu hakuja kwetu kwa mikono ya mashujaa peke yao. Alipitishwa kwa watu wasio na habari, mmoja baada ya mwingine, na hatua ya mwisho kabisa akawekwa mikononi mwa mtu ambaye hakumzaa. Nasi tuliookotwa milangoni tumeingia humo humo.

Harusi ikafika. Kanisa lilijaa tena, na Mzee Akimu alikuwa mbele, amevaa kanzu ya kuazima kwa Mwalimu Bartolomayo iliyomfika juu kidogo ya vifundo. Alikuwa amelifanyia mazoezi neno lake mpaka kuku wa Anyesi walikuwa wakikimbia wakilisikia. Padre akauliza, "Nani anamtoa mwanamke huyu aolewe na mwanamume huyu?"

Mzee akasimama. Akafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Mtu ambaye kiboko cha Mdachi hakikumnyamazisha, alisimama pale anamtazama Ruthu. Watu waliomwomba anyamaze miaka yote wakaanza kunong'ona, "Sema, Baba Ruthu! Sema!" Padre akangoja. Marko akaanza kutoka jasho.

Sulemani Chidumizi alikuwa benchi la nyuma yake. Akainama mbele, akamchoma mgongoni kwa mpini wa usinga. "Baba Ruthu," akanong'ona, na sauti ikasikika kanisa zima, "sema, la sivyo nitasema mimi."

"MIMI!" mzee akanguruma, na mbuzi walioko nje wakatawanyika.

Bibi yangu Ruthu aliishi sana, nikamjua hadi nimekuwa mkubwa. Jioni alitukalisha wajukuu akatutajia ukoo, na kila jina alilipa habari yake. Alianza hivi: "Akimu akamzaa Ruthu, Ruthu akamzaa mama yenu." Siku moja binamu yangu, aliyekuwa ameanza sekondari na kujua kila kitu, akamkatiza. "Bibi, lakini yule hakukuzaa. Alikulea tu."

Bibi alimtazama mpaka binamu akatazama chini. Kisha akaanza tena, kutoka juu, polepole.

"Akimu," akasema, "akamzaa Ruthu."